Draivu Iliyosoma Mwandiko Wake Pekee

Vijana wa karakana waliniaga kwa keki. Aliyeipamba alichora kompyuta kwa krimu ya bluu, na sijui alinakili picha ya wapi, kwa sababu aliipa mdomo wa kulishia diski, kitu ambacho kompyuta za rika lao hazina. Kipande chenye mdomo huo nilikikata kwanza, nikakila mwenyewe. Kisha wakanipa daftari gumu na kuniambia, "Mama Fundi, andika hayo yako ya zamani kabla hujaenda nayo nyumbani." Basi ninaandika. Habari za mishahara nimeziacha. Vyeo vilikuwa viwili, na cha pili hakikuwa na kiti chake.

Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, nami nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako harufu ya majani yanayokauka huingia hata ndani ya mkate. Nilipomaliza chuo cha ufundi nilipanda ngazi za duka la kutengeneza mashine za ofisi mjini Kericho, ghorofani, juu ya muuza mbolea. Aliyenipokea alikuwa Mzee Bii. Alikuwa mrefu na mwembamba, na kofia yake ya sufi ya kijivu hakuivua hata wakati wa maombi ya asubuhi.

"Jina?"

"Atieno."

"Hiyo ni ya mtoto wa usiku, ama?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata sisi wa huku huita mtoto kwa saa aliyofika. Basi hatutasumbuana. Shika hii, uniambie ni nini."

Akaniwekea mikononi kisanduku cha bati, kizito kuliko nilivyotarajia, chenye mdomo mwembamba mbele. Nikaanza kusoma maandishi ya ubavuni. Akafunika maandishi kwa kiganja.

"Nje ni maneno ya muuzaji. Mimi nimekuuliza ni nini."

Nilikaa na kisanduku kile mpaka mvua ya saa nane ikaja na kupita. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutambua draivu za diski, visanduku vinavyozisoma na kuziandika, na ningependa nanyi mjifunze hivyo, ingawa najua mtatafuta kwenye simu. Kwanza pima mdomo: inchi nane, tano na robo, tatu na nusu, na zile chache za inchi tatu kamili ambazo mwenye nazo atakuapia ni kitu cha kawaida. Pili, fungua utazame vichwa. Kichwa ni kile kidude kinachogusa diski na kuisoma, na hakizidi punje ya mahindi. Kukiwa na viwili vinavyotazamana, draivu inasoma pande zote mbili. Ukikuta kimoja chini, na juu yake kipande cha sufi kinachoikandamiza diski, inasoma upande mmoja tu. Tatu, iwashe usikilize. Kichwa kinapotembea kutoka ukingo mpaka ndani hupiga hatua, na hatua zina sauti. Mzee Bii aliweza kutambua draivu akiwa chumba cha pili, anakunywa chai, kwa kusikia jinsi ilivyotembea.

Sufi ile ikichakaa, diski haisomeki, na vipuri havikuwa vinakuja. Mzee Bii alikata mpya kwenye ukingo wa kofia yake. Mwaka wenye kazi nyingi ungeujua kwa kutazama kichwani pake.

Lakini kilichonifanya nisiache kazi hii ni taa. Chini ya draivu nyingi za zamani kuna gurudumu lenye duara mbili za mistari myeusi na myeupe. Ukiliwasha likazunguka, mistari hupotea yote ikawa ukungu wa kijivu. Mzee Bii aliileta draivu chini ya taa ya tyubu, akaanza kugeuza skrubu ya mwendo taratibu sana. Ukungu ukaanza kugawanyika. Mistari ikajitokeza, ikatembea pole kurudi nyuma, ikasita, ikasimama. Gurudumu lilikuwa linazunguka mara tano kila sekunde na mistari yake imesimama tuli kama shamba la chai likitazamwa kutoka kilima cha pili. Nilinyoosha kidole niliguse. Akanipiga kofi mkononi.

"Inazunguka hiyo. Taa ndiyo inapepesa, na wewe unaona tu pale taa inapofungua macho."

Sikuwahi kuambiwa kwamba taa hufumba macho. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitazama kila balbu njiani kwa heshima mpya. Kesho yake nikarekebisha draivu ya kwanza peke yangu, nikasimamisha mistari vizuri kabisa, ila ya duara isiyo yetu. Duara moja ni ya nchi zenye umeme wa kwetu, nyingine ya nchi zenye umeme unaopepesa kwa kasi tofauti. Mzee Bii alitazama, akasema, "Umeitengeneza vizuri. Sasa tafuta mtu wa kuipeleka Amerika."

Kuna kesi ngumu nyingi ningeweza kuzieleza, nitasema moja. Karani wa kiwanda fulani cha chai alikuwa akileta diski zake kila Jumatatu, tupu. Ijumaa amejaza kilo za majani za wakulima wote, Jumatatu hakuna hata herufi. Tulibadilisha kichwa, tukabadilisha mkanda unaoizungusha diski, tukamshuku karani, tukashuku majini. Mwishowe nikaenda kumwona akifunga ofisi. Alizifunga diski kwenye karatasi ya nailoni kwa uangalifu wa mama anayefunika mtoto, akashuka nazo chumba cha kuchambulia chai, akaziweka juu ya rafu moja kavu isiyofikiwa na panya. Rafu ilikuwa mgongo wa sumaku kubwa inayonasa vipande vya chuma visiingie kwenye chai ya watu. Alichagua mahali salama kuliko pote kiwandani, isipokuwa kwa kile alichokuwa amebeba.

Miaka hiyo ndipo kompyuta za nyumbani zilipopanda huku juu. Zililetwa na walimu wa kigeni na wamisionari, na walipoondoka wakaziacha kwa marafiki. Kila moja ilikuwa kibodi nene unayoichomeka kwenye televisheni, na kando yake draivu ya diski nzito kama tofali. Baadaye zikaja mashine mpya, hizo za kwanza zikapandishwa darini, na Kericho ikazifanyia kazi yake. Mvua yetu hainyeshi tu, inakaa. Nimekuta draivu zenye kuvu nyeupe kama unga. Nimechana maganda ya diski, nikaziosha kwa maji na sabuni kwenye karai, nikazianika kwenye kamba kama vitambaa vya mkono, na zikasoma. Kila iliposoma nilishangaa upya. Maana diski yenyewe ni kutu, vijana wangu. Ni vumbi la kutu lililopakwa juu ya plastiki nyembamba. Mtu amepitisha kichwa chenye nguvu ya umeme juu yake mara moja, kutu ikageuza uso, na miaka thelathini baadaye bado inatazama upande ule ule ilioambiwa.

Mzee Bii alistaafu, nikaachiwa meza yake. Kazi ya draivu ikapungua mpaka ikawa kama mchezo wangu wa saa za chai. Nilibaki na tyubu moja ya zamani juu ya meza wakati ofisi nzima ilipowekewa taa mpya, kwa sababu taa mpya haipepesi, na haisimamishi mistari. Wenzangu walisema nafuga kumbukumbu. Sikubishana nao.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Jumatatu asubuhi, aliingia mama mmoja aliyeanza kupita makamo, mnene kidogo, na leso imefungwa mgongoni ikibeba kitu. Nilidhani ni mjukuu.

"Chamgei, mama," nikamsalimu.

"Chamgei. Wewe ndiye ule mama anatengeneza makompyuta ya zamani?"

"Ndiye. Huyo mgonjwa ana nini?"

Akacheka, akafungua fundo. Ilikuwa draivu ya diski, ya inchi tano na robo, ya kichwa kimoja na kipande cha sufi.

"Huyu ni wa mzee yangu. Hajaongea tangu mzee azikwe, amekaa tu darini. Kibodi yake iko kwa gari. Nilitaka kwanza nione kama utanicheka."

Alikuwa Mama Leah, kutoka Kapkatet. Mumewe, Mwalimu Sigei, alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilimpa kiti na chai, naye akanieleza alichokuja kutafuta, akianza mbali.

"Wewe ni mtu wa huko chini, pengine hujui mambo yetu."

"Nimezaliwa hapa, mama. Lakini niambie."

"Mtoto akizaliwa, akina mama wanakaa na yeye, wanataja majina ya watu wa boma waliokufa. Mmoja mmoja. Wakifika kwa ule amerudi ndani ya mtoto, mtoto anapiga chafya. Hiyo ndiyo jina yake ya ndani."

"Kwetu mtoto hulia mpaka aitwe jina la aliyemjia."

"Basi mnajua. Wenu wanalia, wetu wanapiga chafya. Tofauti ni kelele." Akanywa chai. "Na tunampa ugoro kidogo puani, nisikudanganye. Hata mama ya pasta wetu huja na yake."

Kisha uso wake ukabadilika. Mwanawe alikuwa amepata binti, Cherotich, mjukuu wa kwanza wa kike katika boma la Mwalimu Sigei. Wavulana walipozaliwa hapakuwa na shida ya majina.

"Majina ya wanaume iko hata kwa vitambulisho. Huyu arap huyu, yaani mwana wa huyu, yule arap yule, unafuata mpaka mwisho. Ya akina mama iko wapi? Mimi ndiye mkubwa wa hiyo boma sasa. Jumamosi wamama watakaa waniangalie nianze kutaja. Na mimi niko na majina matatu."

"Hakuna mwingine anayejua?"

"Mama mkwe alijua yote. Alikuwa anatuita jioni, mkae niwaambie. Mimi nikasema hiyo ni mambo ya giza, nimeokoka. Nilikuwa naenda kuosha vyombo." Akazungusha kikombe mezani. "Mzee ndiye alikaa. Mama anasema, yeye anapiga kwa mashine. Niliwaambia watoto wangu baba yenu anafundisha kompyuta kuita wafu. Wakacheka. Na yeye pia akacheka, lakini aliendelea kupiga."

Akatoa diski tano kwenye bahasha. Nne zilikuwa za alama za mitihani ya shule, zimeandikwa kidato, muhula na mwaka. Ya tano iliandikwa kwa kalamu: Akina Mama.

Nikamwambia aniachie mpaka Jumatano. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Mkanda ulikuwa umeyeyuka ukawa kama sukari guru. Nikausafisha na kuweka mwingine. Kichwa nilikifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mistari niliisimamisha chini ya tyubu, duara ya kwetu. Kisha nikapima mstari wa kichwa, na hapo nahitaji mnisikilize.

Juu ya diski kuna njia za duara, moja ndani ya nyingine, kama njia za wachumaji katikati ya mistari ya chai. Kichwa ni mchumaji. Akiwekwa mahali pake hasa, anapita njiani kila mara. Akisogezwa nusu hatua, anajikuta kifuani mwa michai na hapati kitu. Mstari hunyooshwa kwa kulegeza skrubu mbili zinazoshika mota ya hatua, ile inayokitembeza kichwa, na kuizungusha mota kidogo sana, huku ukisoma diski ya kupimia iliyotengenezwa na wataalamu. Draivu ya Mwalimu ilikuwa imepinda vibaya. Nililegeza, nikazungusha, nikakaza. Diski ya kupimia ikasoma kama maji. Nilijisikia vizuri sana.

Nikaweka diski ya Akina Mama. Draivu ikazunguka, ikatafuta, ikagonga ta-ta-ta-ta kama mgeni asiyefunguliwa mlango, ikanyamaza. Hakuna. Nikajaribu tena, kisha nikajizuia, kwa sababu diski ya umri ule kila ikizungushwa hukwanguliwa kidogo, na nisingejua ni jina la nani limebaki kwenye sufi.

Nikaziendea diski za mitihani, kwa mpangilio wa miaka. Ya kwanza ilisoma yote. Ya pili ilisoma kwa kusitasita. Ya tatu ikatoa majina machache ya wanafunzi na kukwama. Ya nne kimya. Nilikaa mbele ya diski hizo nne nikaelewa.

Kule kugonga ndiko kulikoipinda. Kila mara draivu ile ilipopotea njia ilirudisha kichwa kwenye ukingo na kukigonga, na kila kugonga kulisogeza gurudumu dogo la mota unywele mmoja. Mwaka baada ya mwaka draivu ilikuwa ikihama. Mwalimu hakujua, kwa sababu ilikuwa ikisoma alichoandika nayo mwenyewe. Ilipoandika imepinda, ilisoma imepinda. Mashine na mwandiko vilikuwa vimepotoka pamoja, hatua kwa hatua, na katika dunia nzima hapakuwa na draivu nyingine ambayo ingeweza kuisoma diski ile isipokuwa hiyo moja, jinsi ilivyokuwa Jumatatu asubuhi ilipofika mgongoni mwa Mama Leah. Nami nilikuwa nimeinyoosha.

Fundi yeyote huchora alama kwa sindano, kutoka kwenye mota mpaka kwenye bati, kabla ya kulegeza skrubu. Niliwafundisha hivyo nyinyi nyote. Sikuchora. Niliona draivu iliyopinda, mkono ukaenda.

Nilimpigia Mama Leah.

"Mama, nimenyoosha kitu ambacho hakikutakiwa kunyooshwa."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nyuma yake mtoto alikuwa akinung'unika.

"Na unaweza kuipindisha tena?"

"Sijui ilikuwa imepinda kiasi gani. Sikuweka alama."

"Leo ni Jumatano," akasema. "Mimi nitatayarisha mursik, maziwa ya wageni. Wewe angalia hiyo yako." Akakata simu. Nimesemwa na mameneja kwa sauti za kila aina, na hakuna aliyeniuma hivyo.

Alhamisi sikufungua kazi nyingine. Nililegeza skrubu, nikazungusha mota kwa kukisia, nikajaribu kwa diski ya nne ya mitihani ili ya Akina Mama isiguswe. Kukisia unywele ni jambo la kijinga. Mpaka mchana nilikuwa nimejaribu sehemu nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka, na nilianza kurudia zile zile.

Mvua ikaja, ikapita. Jua la baada ya mvua huku kwetu huingia dirishani likiwa limelala, na nilikuwa nimeiinua draivu mkononi ili nipumzishe shingo. Karibu na skrubu niliona kitu kama kucha iliyokatwa, chembamba, cha rangi ya chungwa lililoiva. Nikaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa kutu. Unyevu wa Kapkatet ulikuwa umeizunguka washa, kile kibati cha duara chini ya skrubu, kwa miaka yote ile darini, ukachora pete kwenye bati kuifuata, na nilipoisogeza washa, pete ikabaki pale pale, imechungulia upande mmoja. Skrubu ya pili nayo ilikuwa na yake.

Tangu nianze kazi nimeilaani kutu ya Kericho. Nimeikwangua, nimeipaka mafuta, nimeiandika kwenye ripoti. Nayo ilikuwa imekaa ikiweka alama ambayo mimi sikuiweka.

Nikarudisha washa juu ya pete zao, polepole, kwa kioo cha kukuzia, mpaka ile rangi ikafunikwa kote. Nikakaza. Diski ya nne ikasoma, darasa zima, mpaka mwanafunzi wa mwisho. Nikaitoa. Nikafuta kichwa tena. Nikaweka ya Akina Mama, na nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ilizunguka. Ikapiga hatua, moja, nyingine, bila kugonga. Kwenye televisheni kukatokea mstari mmoja, halafu mwingine.

Mwalimu hakuwa na programu ya kuandikia barua. Alichokuwa nacho ni mashine inayotaka programu, yaani maagizo, na kila agizo lina nambari mwanzoni. Basi aliwaandika kama maagizo. Kumi, jina. Ishirini, jina. Thelathini, jina. Sisi tuliojifunza kwenye mashine zile tunajua kwa nini ni kumi kumi. Unaacha nafasi, ili ukikumbuka kitu baadaye uandike nambari ya katikati, na mashine itakipanga yenyewe mahali pake. Katikati ya makumi yale kulikuwa na tano hapa na pale, wale ambao mama yake aliwakumbuka siku nyingine. Na juu kabisa, kabla ya kumi, kulikuwa na mstari wenye nambari tano: Tabarno. Mama yangu. Alitutajia hawa wote. Mwalimu aliuandika mama yake alipokufa.

Niliwapiga picha kwa simu, skrini baada ya skrini, kisha nikawanakili kwa mkono kwenye karatasi, kwa kuwa simu nayo siiamini sana. Mama Leah alikuja Ijumaa. Hakuketi. Alisimama mbele ya televisheni, akasoma kwa sauti ya mwalimu wa kanisa.

"Tabutany. Alikama ng'ombe mkali bila kamba." Akanigeukia. "Huyu mama mkwe alikuwa anamwongelea sana. Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni, na maji yanamwagika." Akarudi kwenye skrini. "Taprandich. Alitembea hadi Kipkelion kuona reli, akarudi akasema ni ndogo." Hapo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na hakuondoa leso usoni kwa muda mrefu.

Jumamosi nilialikwa. Ilikuwa mchana, nyumba imejaa akina mama, mursik kwenye vibuyu, na mtoto Cherotich amelala mikononi mwa Mama Leah akiwa hana habari. Kibodi, televisheni na draivu vilikuwa mezani pembeni, kwa kuwa mama mmoja alisema anataka kuona kwa macho yake kitu kilichomsikiliza mama mkwe wakati wengine hawakuwa na nafasi. Mama Leah aliinama kidogo, akamrekebisha mtoto.

Akaanza kutaja. Alianza na yale matatu aliyoyajua, na mtoto akalala. Akafuata karatasi niliyomnakilia. Tabutany, kimya. Taprandich, kimya. Mama ya pasta alisogeza ugoro. Mtoto alikunja pua, akaacha. "Huyu anachagua," mmoja akasema, "ni mtu wa maringo." Wakaendelea, jina baada ya jina, na wale wanawake wazee walikuwa wakiitikia kidogo kila jina, kwa kuwa mengine walikuwa wameyasikia utotoni na kuyapoteza.

Kisha Mama Leah akasoma mstari wa sabini na tano. "Tapkigen. Mama alimkumbuka baadaye. Hakuzaa. Alilea watoto wa wengine."

Hakuna aliyeitikia. Wakatazamana. Hakuna mtu chumbani aliyewahi kulisikia jina lile. Lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, kwenye kutu, limeandikwa limepinda. Mama Leah akalirudia, pole, kama anayemwita mtu asiyemjua vizuri.

Mtoto akapiga chafya.

Najua ugoro ni ugoro, na pua ya mtoto ni pua. Nimefanya kazi ya kutafuta sababu maisha yangu yote. Ninawaambia tu kwamba nywele za mikono yangu zilisimama, na kwamba wanawake wale walianza kuimba wakilitumia jina lile papo hapo kana kwamba lilikuwa midomoni mwao siku zote.

Watu walipokuwa wakila, Mama Leah aliniita kwenye meza ya kompyuta. Alikuwa na mtoto begani.

"Atieno, sasa utainyoosha tena?"

"Nikiinyoosha itasoma diski za watu wote, isipokuwa hii."

"Na mtu akitaka kuongeza jina kwa hii?"

"Unaandika nambari, halafu jina. Itajipanga yenyewe. Lakini lazima iwe draivu hii, jinsi ilivyo."

Akatazama skrini, kule juu, mahali alipoandikwa Tabarno. Kabla ya tano kulikuwa na nambari nne ambazo hazijatumika.

"Mwanangu ako na mikono ya kupiga hii kitu," akasema. "Nitamwonyesha mahali ya kuniandika nikifa. Aandike pia nilikuwa naosha vyombo." Kisha akampigapiga mtoto mgongoni. "Iache hivyo hivyo."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikakaza zile skrubu mbili juu ya pete zao za kutu, nikamwomba mama ya mtoto rangi yake ya kucha, nyekundu, na nikatia tone moja kwenye kila skrubu ili mtu asije akazilegeza akainyoosha draivu.